Maisha ya Shaaban Robert mikononi mwa watoto wadogo

Mwanafunzi wa Kiswahili katika Afrika Mashariki hulisikia jina la Shaaban Robert mapema sana, lakini mara nyingi hulisikia kama jina tu. Huambiwa kwamba mwandishi huyo alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, na kwamba alifariki dunia Juni 1962. Kisha hukaririshwa orodha ya vitabu vyake hadi mtihani upite. Mtoto wa miaka sita au saba hana haja na orodha hiyo. Mwaka 1909 na mwaka 1962 kwake ni sauti mbili zisizo na tofauti.

Hata hivyo, maisha ya Shaaban Robert yamejaa mambo ambayo mtoto wa umri huo huyafahamu bila kufafanuliwa sana. Kuna safari, kuna ndugu anayekaa mbali, kuna mama aliyefariki akaacha watoto wadogo, na kuna baba aliyekaa kitako akawatungia wanawe tenzi. Mlango wa kumwingiza mtoto katika fasihi ya mtu huyu ni huo wa maisha yake. Vitabu vyenyewe vitafuata. Lugha ya Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) ni nzito hata kwa wanafunzi wa shule za upili, na mwalimu anayejaribu kuisoma neno kwa neno mbele ya Gredi ya Pili huishia kuwalaza watoto.

Jambo linalotakiwa kupatikana si dogo. Mtoto anayekua akidhani kwamba waandishi ni watu wa ng'ambo, au ni picha zilizobandikwa nyuma ya jalada, hawezi kuwaza kwamba kuandika kwa Kiswahili ni kazi inayoweza kufanywa na karani wa ofisi katika mji wa pwani, mtu mwenye watoto, madeni ya moyo na barua za kujibu. Shaaban Robert alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Tanga haiko mbali na Kenya. Anayetoka Mombasa kwa barabara ya kusini akavuka mpaka Lunga Lunga huufikia mji huo siku hiyo hiyo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali hadi Gredi ya Tatu, umewapa walimu nafasi pana ya kufunza kwa uchoraji, uigizaji, ufinyanzi na nyimbo. Nafasi hiyo ina mtego wake. Kumpa mtoto picha ya mwandishi aipake rangi si kumfunza habari za mwandishi. Ni kumpa kazi ya nusu saa. Shughuli yenye manufaa ni ile inayotokana na jambo moja la kweli katika maisha ya mtu huyo, kiasi kwamba ukiliondoa jambo hilo shughuli nayo inakufa.

Mfano wa kwanza ni kamba. Tanga ni nchi ya mkonge, na kamba ya katani hupatikana karibu katika kila soko la Kenya. Watoto hupewa kamba ndefu wakaifunga mafundo 53, fundo moja kwa kila mwaka wa uhai wa mwandishi. Kwa kuwa alizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, hesabu haisumbui hata kidogo. Fundo la 5 ni mwaka 1914, Waingereza walipotua Tanga kupigana na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hiyo. Mtoto wa wakati huo alikuwa na umri wa watoto wa chekechea wa leo. Fundo la 13 ni mwaka 1922, alipokwenda shule Dar es Salaam. Fundo la 17 ni mwaka 1926, alipoanza kazi. Fundo la 42 ni Kusadikika. Fundo la 52 ni Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Baada yake limebaki fundo moja tu.

Hapo mwalimu asiseme neno. Mtoto aliyefunga mafundo hayo kwa vidole vyake huona mwenyewe kwamba mtu huyu aliishi karibu maisha yake yote chini ya utawala wa wageni, na kwamba uhuru aliuona kwa miezi michache. Ni vigumu kulieleza jambo hilo kwa chaki.

Kutoka kwenye kamba, darasa hutoka nje. Ramani huchorwa ardhini kwa kijiti au kwa chokaa: pwani, bahari, Vibambani, Tanga, Pangani, Dar es Salaam, na Mpwapwa kule bara. Watoto hutembea kutoka kituo hadi kituo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi wa namna hiyo alihamishwa kama serikali ilivyotaka. Kwa miaka mingi kuanzia 1926 alikuwa karani katika idara ya forodha, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyofanyia kazi. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea, kabla ya kurejea Tanga. Watoto wa walimu, wa askari na wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, ambao wamebadilisha shule mara mbili au tatu, huielewa ramani hii upesi kuliko wenzao.

Mchezo wa forodha ni wa furaha kuliko yote. Meza moja huwa ofisi. Mtoto mmoja ni karani, wengine ni mabaharia waliofika na jahazi lao la maboksi. Karani huuliza: mmebeba nini? Wao hutaja nazi, mikeka, papa mkavu, chumvi. Karani huandika kila kitu kwa hati safi katika daftari, kisha hugonga muhuri. Muhuri wenyewe hutengenezwa kwa kiazi kilichokatwa nusu na kuchongwa herufi, kikachovywa kwenye rangi ya maji. (Kazi ya kisu ni ya mwalimu.) Ndani ya mchezo huu mtoto hupata habari ambayo vitabu vya mtihani huipita haraka: mtu aliyesifiwa kuwa bingwa wa lugha alishinda mchana akiandika hesabu za bidhaa za watu wengine, na utunzi wake ukalazimika kutafuta muda nje ya saa za kazi.

Baada ya forodha ni barua, na hapa inafaa kukaa muda mrefu zaidi. Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Barua hizo zilihaririwa na Profesa M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Miaka hiyo ni 27. Ni vyema watoto waonyeshwe kwenye kamba mafundo yanayohusika, tangu la 22 hadi la 49, ili wajue kwamba kaka aliyeanza kumwandikia ndugu yake akiwa kijana aliendelea hadi mvi zilipokaribia.

Watoto wa leo huona ujumbe ukiruka kwa simu ya mkononi na jibu likirudi papo hapo. Barua kwao ni kitu kigeni. Kwa hiyo wafundishwe kuitengeneza yote: karatasi, bahasha ya gazeti kuukuu iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, stempu iliyochorwa kwa mkono. Kila mtoto amwandikie ndugu yake, au rafiki wa darasa jingine, habari tatu za kweli na swali moja. Asiyejua kuandika bado achore, na mwalimu amwandikie maneno anayoyataja. Barua zikishafungwa, zisipelekwe siku hiyo. Zikae kwenye sanduku siku tatu. Kungoja ndiko somo lenyewe. Mtoto anayeuliza kila asubuhi iwapo jibu limefika ameanza kuelewa jinsi mtu wa Mpwapwa alivyomkumbuka mtu wa pwani katika miaka ya 1940.

Jibu lazima lije. Mwalimu mwangalifu huhakikisha kwamba hakuna mtoto anayebaki bila barua, hata ikibidi aandike tano kwa mkono wake usiku.

Ushairi nao hauepukiki, kwa sababu kumtaja Shaaban Robert bila mashairi ni kumtaja mvuvi bila bahari. Mtoto mdogo hana haja ya kufundishwa istilahi za arudhi. Anachohitaji ni makofi na maharagwe. Utenzi wa Kiswahili una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande kina mizani minane. Mtoto huweka maharagwe manane mbele yake, akasema maneno huku akisogeza harage moja kwa kila silabi. Mwalimu aseme: “Mama kaja na mkate.” Darasa zima litabishana. Wengi watahesabu saba, kwa kuwa wanaimeza ile “m” ya mkate. Wapige makofi polepole, ma-ma-ka-ja-na-m-ka-te, na harage la nane litapata mahali pake. Ubeti mzima unataka maharagwe 32, na watoto wakijaribu kuyamaliza yote kwa maneno ya nyumbani kwao, kuhusu ng'ombe, mvua au shangazi, wametunga. Vina vinaweza kungoja mwaka ujao.

Baada ya maharagwe, watoto wako tayari kusikia kisa kizito zaidi. Mke wa kwanza wa Shaaban Robert, Amina, alifariki na kumwachia watoto. Shairi alilomtungia linajulikana kwa jina hilo la marehemu, na ni miongoni mwa maombolezo yanayopendwa sana katika Kiswahili. Kwa wanawe alitunga tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hakuandikia shule wala serikali. Aliwaandikia watoto wawili waliokuwa nyumbani kwake.

Walimu wengine hulikwepa jambo la kifo wakihofu kuwahuzunisha watoto. Hofu hiyo inaeleweka, lakini katika karibu kila darasa la Kenya yupo mtoto aliyempoteza mzazi, naye huona wazi anapofichwa. Afadhali habari isemwe kwa sentensi moja nyofu: mama yao alifariki, baba yao akahuzunika sana, akaandika. Mwalimu amtazame mtoto anayehusika, asimlazimishe kusema lolote, na asiligeuze somo kuwa kilio.

Shughuli inayofuata hapa humwendea mzazi. Mtoto hupeleka nyumbani kijitabu kidogo cha kurasa nne alichokishona mwenyewe kwa uzi, na ombi moja: mzazi au mlezi amwandikie ndani yake neno moja la wosia, au alitamke na mtoto alichore. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kushiriki. Vijitabu vinaporudi, mwalimu huwa amepata darasani kitu kile kile alichokifanya Shaaban Robert, mzazi anayemwachia mtoto maneno.

Kwa watoto wa Kenya, habari hii ina ndugu yake hapa hapa nyumbani. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao unasomwa hadi leo. Mama wa Pate na baba wa Tanga walishika njia moja, wakiwa wamepishana takriban miaka 90. Mwalimu ajihadhari tu asizibebe tenzi hizo nzima nzima mbele ya watoto. Mawaidha yake kuhusu mwenendo wa mwanamke katika ndoa ni ya zama zake, na watoto wa kike wa leo wana haki ya kuyasoma wakiwa wakubwa na kuyapima wenyewe. Kwa umri huu yatosha kujua nani alimwandikia nani, na kwa nini.

Katika vitabu vyake vya hadithi, Kusadikika ndicho kinachojitoa kwa mikono midogo kwa urahisi. Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani. Watoto huijenga kwa kadibodi na pamba, wakaitundika kwenye paa la darasa kwa nyuzi. Katika hadithi, wajumbe sita walitumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Walirudi na mawazo ya kuinufaisha nchi wakaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Habari zao husimuliwa mbele ya mfalme na Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, huku Majivuno akiwa mshtaki wake. Watoto sita wakitumwa pande hizo katika uwanja wa shule, kila mmoja akarudi na wazo moja la kuboresha darasa lao, wamecheza hadithi yenyewe. Kinachobaki ni mwalimu kuwauliza: kwa nini mwandishi aliiweka nchi hii angani, isiwe Tanga? Mtoto mmoja atasema ni kwa sababu anapenda mawingu. Mwingine atasema ni ili wakubwa wasikasirike. Wote wawili wapewe nafasi, ingawa wahakiki wengi wamekuwa upande wa huyo wa pili, wakikisoma kitabu hicho kama fumbo kuhusu utawala wa kikoloni.

Adili na Nduguze ina manyani wawili ambao kwa kweli ni ndugu za Adili waliogeuzwa, na vinyago vya karatasi vya manyani huwafurahisha watoto mno. Lakini ndani ya kisa hicho manyani hao huchapwa kila usiku, na Adili mwenyewe huumia kwa kulazimika kuwachapa. Kwa watoto wa chini ya miaka minane sehemu hiyo yafaa ipunguzwe makali.

Lipo kosa moja ambalo shughuli za namna hii huzaa kwa urahisi, nalo ni uongo wa kupendeza. Mwalimu anayetaka hadithi tamu huanza kubuni: Shaaban mdogo alikuwa akiketi chini ya mwembe huu, akamwambia mamaye maneno yale. Miaka michache baadaye mtoto huyo huandika ubunifu huo katika insha kama historia. Dawa yake ni rahisi. Darasa litumie karatasi za rangi mbili. Yanayojulikana yaandikwe kwenye karatasi nyeupe, na yaliyobuniwa kwa ajili ya mchezo yaandikwe kwenye karatasi ya manjano. Jahazi lenye papa mkavu ni la manjano. Idara ya forodha ni nyeupe. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko inavyotarajiwa, na haichukui muda kabla hawajaanza kumsahihisha mwalimu.

Swali la jina nalo huja kila mara: mbona Mwislamu aitwe Robert? Robert lilikuwa jina la babake. Mwenyewe aliitwa Shaaban bin Robert, kama vile watoto wengi wa Kenya wanavyobeba majina ya baba zao. Karatasi nyeupe.

Kuhusu ukoloni, watoto waambiwe ukweli kwa kipimo chao. Alifanya kazi katika serikali iliyowagawa watu kwa rangi, ambamo Mwafrika mwenye elimu na bidii hakuweza kupanda kama Mzungu. Kidokezo hicho chatosha. Watoto wana hisia kali ya haki na wataendeleza mjadala wenyewe.

Jambo la gharama halipaswi kupuuzwa. Wazazi wengi wamelalamika, tena kwa haki, kwamba shughuli za ubunifu zimekuwa mzigo wa kununua karatasi za manila, gundi za dukani na picha za kuchapishwa saimba, na kwamba kazi nyingi hufanywa na mzazi saa nne usiku huku mtoto amelala. Hakuna lolote katika yaliyotajwa hapa linalohitaji duka kubwa. Kamba, maharagwe, kiazi, magazeti makuukuu, unga na maboksi hupatikana katika nyumba na soko lolote, na maharagwe hurudi chunguni baadaye. Kazi ambayo mtoto hawezi kuifanya kwa mkono wake haimfai, hata ikipendeza ukutani.

Mwalimu mwenye muda zaidi anaweza kumalizia na kitabu kimoja ambacho husahaulika. Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad, ambamo Shaaban Robert alisimulia maisha ya mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu, kisha sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekutana naye na kumhoji. Yaani mwandishi ambaye watoto wamekuwa wakiyafuatilia maisha yake naye aliwahi kuketi mbele ya mtu mwingine, akamuuliza maswali, akaandika majibu.

Basi watoto nao wafinyange vyungu vidogo vya udongo wa mfinyanzi, wavikaushe kivulini, kisha kila mmoja abebe chake hadi kwa mzee mmoja wa mtaani au wa nyumbani ampe kama zawadi, na kumuuliza maswali matatu: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi gani, ulipenda wimbo gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi nyeupe. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kila tarehe 7 Julai, kwa kawaida huangukia katika muhula wa pili, na wazee hao wanaweza kualikwa shuleni siku hiyo wasikie wasifu wao ukisomwa. Waketishwe mbele, karibu na watoto, kwa kuwa sauti za wasomaji wa Gredi ya Pili hazifiki mbali.